Gari ya Umeme Yenye Betri Ndogo kwa Safari za Kila Siku

Suali la kwanza linaloulizwa juu ya gari ya umeme katika majumba yetu hapa Muscat ni, "Inakwenda kilomita ngapi?" Muuzaji analijua suali hilo na jawabu lake lipo tayari: mia nne, mia tano, na nyengine zaidi. Makala haya yanaeleza kwa nini suali hilo linaigharimu familia pesa nyingi bila ya faida, na kwa nini nyumba yenye gari mbili au tatu, kama zilivyo nyumba nyingi za Ghuba, itafaa zaidi na gari ya umeme yenye betri ndogo.

Kwanza tuelewane juu ya vipimo. Betri hupimwa kwa uniti, ile ile tunayolipia katika bili ya umeme, yaani nguvu ya kilowati moja kwa muda wa saa moja. Kwa betri ndogo nakusudia ya uniti 20 mpaka 45 hivi. Gari nyingi kubwa za leo zina uniti 75 mpaka 100. Hummer ya umeme ya Marekani imepita 200, na betri yake peke yake ina uzito wa zaidi ya tani moja. Na betri ndogo si lazima iwe ndani ya kigari kidogo cha kuchezea. Nazungumzia gari kamili, yenye milango, mikanda, mifuko ya hewa na kiyoyozi cha kweli, ila haikubebeshwa betri ya kusafiria bara zima.

Kilomita zenyewe

Nilikuwa karani kwa miaka mingi, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kutunza daftari la safari za gari za ofisi. Dereva anaandika kilomita anapotoka, anaandika anaporudi, nami najumlisha mwisho wa mwezi. Daftari lile lilinionyesha kwamba mtu hajui anakwenda umbali gani mpaka ahesabu. Dereva atakwambia leo nimezunguka mji mzima, ukitazama mita unakuta kilomita 38.

Basi mwaka huu niliwaomba watu wa nyumbani kwetu Al Khoud waandike hivyo hivyo kwa wiki nne. Mwanangu anafanya kazi Ruwi, na ndiye mwenye safari ndefu kuliko wote: kiasi cha kilomita 45 kwenda na 45 kurudi, na akipitia dukani zinafika 100. Mkewe anafundisha skuli iliyo jirani. Yeye na watoto wake hawakupita 35 kwa siku. Gari ya tatu, ya soko, hospitali, harusi na misiba, wastani wake ulikuwa 22. Kwa wiki zote nne ilitokea siku mbili tu gari moja kupita kilomita 150, nazo ni siku tulizokwenda Ibra kwenye msiba na kurudi kuhitimisha. Siku hizo tulikuwa watu saba na tulikwenda na gari kubwa ya petroli, kama tungekwenda hata kama pangekuwa na gari ya umeme mlangoni.

Mpwa wangu mmoja alinijia na kijitabu cha wakala. "Mjomba, hii inakwenda mia tano kwa chaji moja." Nikamuuliza kazini kwake ni umbali gani. Anakaa Azaiba, anafanya kazi Al Khuwair. Hazifiki kilomita kumi na mbili. Nikamwambia basi utaichaji Ijumaa moja na kuisahau mpaka Ijumaa mbili mbele, na pesa ya betri yote hiyo umeitoa wewe.

Jambo hili si geni. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita kulikuwa na gari za umeme zikiuzwa Marekani kwa safari za mjini. Kampuni ya Detroit Electric ilianza kuzitengeneza mwaka 1907, na mke wa Henry Ford mwenyewe, aliyetengeneza gari za petroli, alikuwa akiendesha moja katika mji wao. Wale wenye jamaa Uingereza wamesikia habari za gari za maziwa, zile zilizopita mlango kwa mlango alfajiri bila ya kelele. Betri zao zilikuwa za risasi, nzito na dhaifu, tena mwendo wao wa polepole, lakini zilifanya kazi miaka kwa miaka kwa sababu njia yao ilijulikana kabla hazijatoka na usiku zilirudi kwenye waya wao. Safari ya kwenda kazini ni ya namna hiyo hiyo. Ina mwanzo, ina mwisho, na kila jioni inarudi pale pale. Wajapani waliifuata hesabu hiyo walipotoa Nissan Sakura mwaka 2022: betri ya uniti 20, kilomita 180 kwa kipimo chao, na ikawa ndiyo gari ya umeme iliyouzwa zaidi nchini mwao. Usukani wake uko upande wa kulia, basi si ya barabara zetu, lakini fikra yake ni sahihi.

Hesabu ya riali

Sasa nije penye uzito. Wenzetu wa Ulaya husifu gari ya umeme kwa sababu petroli kwao ni ghali mno. Hapa Oman lita ya M91 haizidi baisa 229, bei ambayo serikali imeizuia isipande tangu mwishoni mwa mwaka 2021. Kwa hiyo akiba tunayoipata sisi ni ndogo kuliko yao, na anayekwambia kwamba gari ya umeme itajilipa wenyewe kwa petroli utakayoiacha, mwambie akae mpige hesabu pamoja.

Bei ya umeme wa nyumbani inategemea wewe ni nani na unatumia kiasi gani. Mimi nimechukua baisa 20 kwa uniti. Msomaji aweke iliyomo katika bili yake. Gari ya umeme isiyo kubwa hula kiasi cha uniti 16 kwa kilomita 100 katika mchanganyiko wa mji na barabara kuu. Kiyoyozi katika jua letu nimekiwekea uniti moja na nusu kwa saa. Tena kuna umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji, kama sehemu moja katika kumi.

Mkwe wangu anayekwenda kilomita 35 kwa siku, akiwa na gari ya petroli inayokula lita 8 kwa kilomita 100, anachoma lita 2.8, yaani baisa 641. Kwa umeme atatumia uniti 8 hivi, pamoja na saa nzima ya kiyoyozi, yaani baisa 160. Tafauti yake ni baisa 480. Kwa siku 22 za kazi ni riali 10 na nusu kwa mwezi, na kwa mwaka ni riali 127 hivi. Ni pesa nzuri, lakini si utajiri.

Sasa tazama betri. BloombergNEF, wanaofuatilia bei hizi kila mwaka, walikadiria kwamba katika mwaka 2024 uniti moja ya betri ilikuwa kwa wastani dola 115. Ukichukua gari yenye uniti 75 badala ya 35, umenunua uniti 40 za zaidi, dola 4,600, nazo ni kama riali 1,770. Hiyo ni bei ya betri peke yake, kabla ya faida ya kiwanda, ya wakala na riba ya mkopo. Ugawe riali 1,770 kwa akiba ya riali 127 kwa mwaka, utapata karibu miaka 14. Betri ile ya zaidi imeila akiba yote ya petroli mpaka gari yenyewe imezeeka, na kwa miaka yote hiyo haikufanya kazi yoyote ila kubebwa. Uniti 40 zina uzito wa kilo 250 hivi, na unatembea nazo kila siku kama abiria watatu wanene wasiochangia kitu.

Mwanangu wa Ruwi hesabu yake ni nyengine. Kwa kilomita 100 anachoma petroli ya baisa 1,832, na umeme ungemgharimu kama baisa 420. Akiba yake ni riali 31 kwa mwezi, 373 kwa mwaka. Yeye ndiye mwenye kufaidika zaidi, na hata yeye uniti 40 za zaidi zingemlia miaka karibu mitano. Na je, anazihitaji? Siku yake ndefu kabisa inakula uniti 19 katika betri. Mwenye betri ya 35 anafika nyumbani na 16 bado zimo.

Emirati bei ya petroli imeachiwa kufuata soko la dunia tangu Agosti 2015 na hutangazwa kila mwezi, basi jamaa zetu wa Dubai na Sharjah wakipiga hesabu hii wataona akiba kubwa zaidi kila bei ya dunia inapopanda. Hata hivyo hoja ya betri ya zaidi haibadiliki.

Joto

Hili ndilo linalowatia watu khofu, na wana haki. Mwezi wa Juni 2018, kule Quriyat, usiku mmoja joto halikushuka chini ya digrii 42.6. Huo ni usiku, wakati ambao vitabu vya gari vinasema betri ipumzike penye ubaridi. Betri za lithiamu huzeeka upesi zinapokaa kwenye joto kali, na huzeeka upesi zaidi zinapokaa kwenye joto hilo zikiwa zimejaa kabisa.

Yaliyotokea Phoenix, katika jimbo la Arizona, kila mnunuzi wa Ghuba anafaa ayajue. Nissan Leaf ya kwanza, iliyotoka mwishoni mwa 2010, ilikuwa na betri ya uniti 24 isiyokuwa na mfumo wowote wa kupozwa ila hewa inayopita. Katika nchi za baridi ilifanya kazi vizuri. Katika jangwa la Arizona, kufika mwaka 2012 wenye gari hizo walikuwa wanalalamika kwamba kilomita zinapungua mbele ya macho yao. Kampuni ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri, na baadaye ikabadilisha mchanganyiko wa betri yenyewe ili ustahamili joto. Kosa halikuwa udogo wa betri. Ilikuwa ni betri isiyopozwa katika nchi ya moto. Basi suali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: betri inapozwa kwa nini? Jawabu unalolitaka ni kwa maji maalumu au kwa gesi ya kiyoyozi. Akikujibu kwa upepo, mshukuru na uende zako.

Suali la pili ni aina ya betri. Zipo zilizotengenezwa kwa nikeli na kobalti, na zipo za chuma na fosfati, zinazojulikana kwa herufi LFP. Za LFP ni nzito kidogo kwa uwezo ule ule, lakini hustahamili zaidi joto na kuchajiwa mara nyingi, na kwa gari ya mjini uzito huo mdogo si kitu. Wengine huniambia kwamba betri ndogo itachoka upesi kwa kuwa inajazwa na kumalizwa mara nyingi kuliko kubwa. Ni kweli kwamba inazunguka zaidi. Mwanangu katika betri ya uniti 30 angetumia mizunguko kamili 160 hivi kwa mwaka, kwa siku zake za kazi. Betri za LFP hukadiriwa mizunguko elfu mbili na kuendelea. Miaka kumi anayo.

Kiyoyozi nacho kina siri yake: kinakula kwa saa, hakili kwa kilomita. Ukikwama katika foleni ya Barabara ya Sultan Qaboos saa nzima, umetumia uniti yako moja na nusu hata kama umesogea kilomita tano. Kwa hiyo kilomita zinazotangazwa usizichukue kama zilivyo, na khasa zinazopimwa kwa kipimo cha Kichina, ambacho ni cha ukarimu mno. BYD Seagull, kwa mfano, katika toleo lake la betri ya uniti 30 imepimwa China kilomita 305. Mimi huondoa thuluthi nzima kwa ajili ya joto na mwendo wa kasi, zikabaki 200, na hizo bado ni mara mbili ya safari ya Ruwi. Dawa nyepesi ni kuwasha kiyoyozi dakika kumi kabla ya kutoka, gari ikiwa bado iko kwenye waya, ili kazi kubwa ya kuipoza ifanywe na umeme wa nyumba.

Kobalti ya Kongo

Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kiasi cha asilimia 70, inachimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Huko wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa mikono, na watoto wameonekana miongoni mwao. Nalitaja hili hapa kwa sababu watu hao wanazungumza Kiswahili kama sisi. Ukimpigia simu mmoja wao mtafahamiana bila ya mkalimani. Betri ya LFP haina kobalti hata chembe. Na anayetaka ya aina nyengine, basi betri ya uniti 30 ina kobalti chini ya nusu ya ile ya 75.

Soketi ya nyumbani

Gari yenye betri kubwa ikishuka chini inahitaji mtambo wa ukutani, waya mnene, na pengine ruhusa ya kuongeza nguvu ya umeme wa nyumba. Gari yenye betri ndogo inaweza kuishi na soketi ya kawaida ya pini tatu. Soketi hiyo, kwa waya unaokuja na gari, hutoa kama kilowati 2.3. Saa nane za usiku zinakupa uniti 18, karibu sawa na safari nzima ya Ruwi na kurudi, na zaidi ya mara mbili ya safari ya skuli. Lakini isiwe soketi yoyote. Iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, na swichi yake ya usalama, na iwekwe na fundi umeme mwenye leseni. Waya wa kurefushia unaouzwa sokoni kwa riali mbili usiutumie hata usiku mmoja. Mzigo wa saa nane mfululizo unauyeyusha. Banda la kivuli ni lazima kwetu. Na uache chaji ianze saa nne au tano za usiku ili iishe karibu na alfajiri, gari isikae imejaa mchana kutwa kwenye jua. Kwa LFP viwanda vingi huagiza ijazwe mpaka 100 mara moja kwa wiki. Fuata kitabu cha gari yako kuliko maneno ya barazani.

Nani asinunue

Anayekaa katika fleti ya kupanga Ruwi au Al Khuwair bila ya nafasi yake ya kuegesha, na asubiri. Bila ya waya wa usiku faida yote inapotea, na atashinda akizungukia vituo vya kuchaji. Mwenye gari moja tu nyumbani, na jamaa zake wako Sur au Nizwa na anawaendea kila wiki, naye betri ndogo haimfai. Nizwa ni kilomita 160 hivi na mwendo wa 120 unakula umeme sana. Salalah, kilomita elfu moja, sitaki hata kuizungumza. Kwa kharifu wachukue gari ya petroli ya nyumba, wakodi, au wapande ndege. Wapo pia wanaoitaka gari kubwa kwa heshima tu, na hao nawaacha na heshima yao, kwa kuwa mkopo ni wao.

Vile vigari vidogo kabisa, kama Wuling Hongguang Mini ya China yenye urefu wa mita tatu hivi na mwendo usiozidi 100 kwa saa, sivipendekezi hapa. Katika vichochoro vya mji wa kale vingefaa sana. Katika Muscat Expressway, lori likiwa nyuma yako, 100 haitoshi na bati lake ni jepesi. Tafuta gari inayofika angalau 130, yenye mifuko ya hewa, na iliyotengenezwa kwa viwango vya Ghuba, kwani iliyoletwa kutoka nchi nyengine huenda wakala wa hapa akakataa dhamana yake. Na mvua zikija, yale tuliyoyaona kwa Gonu mwaka 2007 na Shaheen mwaka 2021 yanatosha: gari ya umeme haiingii wadi inayopita maji, kama vile isivyoingia ya petroli.

Anayenunua iliyotumika, khasa zile Leaf za zamani zinazouzwa kwa bei ya kutupa, atazame upande wa kulia wa dashibodi. Kuna vistari kumi na mbili vidogo pembeni ya kipimo cha chaji. Hivyo havionyeshi chaji iliyomo, vinaonyesha uhai wa betri. Vikiwa tisa au chini yake, gari hiyo imeshachoka na joto la mahali fulani, na joto la kwetu litaimaliza. Ikiwa ni aina nyengine, omba karatasi ya kipimo cha betri kutoka kwa wakala, uijaribu kwa nusu saa kiyoyozi kikiwa mwisho, na uhesabu uniti zilizotoka. Muuzaji akikuita uje kuiona asubuhi na mapema kabla ya jua, mwambie utakuja saa nane mchana.